Soketi ya Pembe Sita na Barabara ya Merti

Nyinyi vijana mna maswali mazuri siku hizi, lakini mnayauliza kinyumenyume. Mtu ananunua gari, anaingia duka la vyuma, anatoka na sanduku jekundu lenye soketi zinazong'aa, hivi vikombe vya chuma vya kufungulia nati, analipa, halafu ndiyo anakuja hapa kwangu Bulapesa kuniuliza, mzee Ekai, hizi ni nzuri? Sasa nikwambie nini? Umeshaoa ndiyo unauliza kama bibi anajua kupika? Haya, kaa. Leta hilo sanduku tulifungue.

Mimi nimetengeneza magari hapa Isiolo mpaka magoti yakagoma. Watu wanasema nimestaafu, kama fundi wa jua kali anaweza kustaafu. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kunikatia keki. Siku moja tu niliingia chini ya lori na kutoka nikashindwa, wakanivuta miguu, na hapo nikajua kazi imeniaga. Lakini kitu kimoja kilikataa kustaafu, nacho ni hii tabia ya kutaka kujua kwa nini. Nati ikinikatalia, silali vizuri mpaka nijue iliamua lini kukataa. Mke wangu anasema hata yeye sijawahi kumwangalia kwa makini hivyo. Ni uongo, lakini wacha tuendelee.

Swali la kwanza si soketi gani. Swali ni, unataka kufungua nini? Wewe huna gereji. Una uani kwenu, una jeki, una kivuli kidogo cha ukuta. Utafungua gurudumu, utafungua betri, utamwaga oili, siku ukipata ushujaa utafungua breki. Basi tuanze na shimo la nyuma, hili la mraba ambapo mkono wa spana unaingia. Kuna la robo inchi, kuna la tatu kwa nane, kuna la nusu inchi. La robo ni la vitu vidogo, kama klipu za paipu na skrubu za dashibodi. Tatu kwa nane ndiyo utaishika kila siku. Nusu inchi ni ya magurudumu na vitu vyenye kiburi.

Jirani yangu mmoja, muuza nyama, mtu mwenye mikono kama jeki, alichukua ile ndogo ya robo akaenda nayo kwa nati ya gurudumu. Nikamwambia hiyo ni ya kufungulia redio. Akasema chuma ni chuma. Akavisha paipu ya maji kwa mpini, akaegemea na kilo zake zote. Kale kamkono kakakatika, naye akaenda moja kwa moja juu ya kuku wa mke wake. Hakuumia sana, lakini jogoo alikufa, na siku hiyo alikula nyama ambayo hakuipangia. Mpaka leo nikipita duka lake ananiuliza redio inaendeleaje.

Rangi nayo. Hii nyeupe inayong'aa ni ya mkono. Ile nyeusi, nene, isiyo na urembo, imetengenezwa kwa ajili ya bunduki ya upepo, ile ya watu wa pancha. Ile ya kung'aa ni ngumu sana, na kitu kigumu sana ukikipiga piga kinapasuka. Ile nyeusi inavumilia. Niliona moja ya kung'aa ikipasuka pale stendi ya malori, kipande kikaruka kikatoboa sufuria ya chai ya mama mmoja. Ingekuwa jicho tungesema nini? Kwa hivyo ukitaka ya magurudumu, nunua nyeusi hata kama huna bunduki. Haitakupendezea kwa picha, lakini itakaa.

Halafu urefu. Kuna fupi na kuna ndefu. Kama bolti imetokeza mbele ya nati, ile fupi haifiki chini, inashika nati kwa ncha tu, kama mtu anayekusalimu kwa vidole viwili. Ndefu inaimeza yote. Na vipimo, jamani, vipimo! Magari mengi mnayonunua ni ya Kijapani, ni milimita. Lakini bado kuna mikebe ya zamani imejaa soketi za inchi, mtu karithi kwa babu yake aliyekuwa na Landrova. Robo tatu ya inchi na milimita kumi na tisa ni kama mapacha, utatumia yoyote. Zingine zinafanana kwa macho tu. Usiamini macho. Visha soketi kwa nati, halafu itikise kwa vidole kabla ya kuweka mpini. Ikicheza, irudishe kwa sanduku.

Nilifundishwa hivyo na Mmeru mmoja, mzee M'Ikiara, ambaye ndiye alinichukua nikiwa sijui hata bolti inafungwa upande gani. Mafundi wengi wakati huo walifundisha kwa makofi. Yeye alifundisha kwa maswali, na mara nyingine ningependelea makofi. Alikuwa ananiwekea nati iliyolika kwa kiganja na kuniuliza, huyu amepitia nini? Nikisema imeharibika, ananyamaza. Anangoja. Wateja wanapiga honi nje, yeye anangoja tu mpaka niigeuze nati kwa jua na kuona, ah, imelika upande wa kufunga zaidi kuliko wa kufungua, au ina meno, hii ilishikwa na praya, lile koleo la meno. Alisema fundi akishindwa kusoma nati ni sawa na mchungaji asiyejua nyayo. Basi nikaanza kupenda mambo hayo, na tangu hapo sikutupa nati iliyolika bila kuihoji.

Sasa tufike kwa pembe, maana hapa ndipo mnanunua vibaya. Angalia ndani ya hii soketi. Hesabu. Ina pembe kumi na mbili. Na hii? Sita. Nati yenyewe ina pembe sita. Muuzaji atakwambia kumi na mbili ni bora kwa sababu ni nyingi, utafikiri anauza mayai. Mimi pia niliwahi kufikiri hivyo, mpaka udadisi ukanishika. Nikachukua masizi chini ya sufuria ya nyumbani, nikapaka nati mpya, nikaivisha soketi ya pembe kumi na mbili, nikaikaza kidogo, nikatoa. Masizi yalikuwa yametoka karibu na kona, pale penye ukingo wa nati. Nikapaka nyingine nikatumia ya pembe sita. Hapo masizi yalitoka kwenye bapa, ule upande ulionyooka wa nati, mbali kidogo na kona, penye nyama. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwita mke wangu aone, akaona tu kwamba sufuria yake imekwanguliwa.

Unaona maana yake? Ile ya kumi na mbili inasukuma kona, na kona ndiyo inalika kwanza. Si kwamba ni mbaya. Mahali pembamba ambapo mkono hauna nafasi ya kuzunguka, inashika haraka, na kwa nati nzima isiyokazwa sana haina shida. Lakini nati yenye kutu, nati iliyozeeka, nati ya gurudumu ya barabara zetu hizi? Pembe sita. Ukiwa na pesa ya seti moja tu, pembe sita.

Hayo nilikuwa nayajua vizuri, na bado kuna pikapu moja ilinichanganya kichwa.

Ilikuwa ya Mama Jillo. Mume wake alikuwa akibeba mizigo kati ya hapa na Merti, akafariki kwa ugonjwa, akamwachia watoto watatu na hiyo pikapu. Yeye hakukaa kulia sana mbele ya watu. Alijifunza kuendesha, akaanza kubeba maziwa ya ngamia. Alikuwa anatoka mapema, anapita Gotu, anaendelea mpaka karibu na Korbesa akichukua mitungi kwa akina mama njiani, anarudi nayo Isiolo kabla basi la Nairobi halijaondoka. Maziwa hayo hayangoji mtu. Jua likiyapata njiani yanachachuka, na mama aliyekukabidhi mtungi wake asubuhi anataka kusikia umefika salama.

Alikuwa ananiletea gari, na tunasalimiana kwa utani wetu, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake. Yeye Mborana ananiambia "Ejok, fundi," na mimi Mturkana namjibu "Nagaya, mama." Tulipenda hivyo. Na alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi waliokaa kwangu. Oili alikuwa anamwaga mwenyewe kwake nyumbani, plagi anatoa mwenyewe, gurudumu anabadilisha mwenyewe huku watoto wa mtaa wamejipanga kutazama.

Lakini nati za magurudumu zilikuwa zinalika. Nilimwekea mpya, nzuri, namba ishirini na moja, yaani milimita. Baada ya safari chache tu anarudi, zingine zimekuwa mviringo kama punje za choroko, na zile nzima zimekazwa mpaka yeye hawezi kuzifungua, na mimi mwenyewe natoka jasho. Nikamuuliza, unakaza na nini? Akanionyesha soketi niliyomchagulia mimi mwenyewe, pembe sita, nzima kabisa. Nikaivisha kwa nati mpya, nikaitikisa. Haikucheza hata kidogo. Basi nani?

Na hili halikuwa jambo la kufurahisha udadisi wangu peke yake. Mara mbili alikuwa amekwama kwa pancha na nati zimekataa, maziwa yote yakaharibika. Shemeji yake, Galgalo, kaka mkubwa wa marehemu, ana lori la mbuzi, na barabara yake ni hiyo hiyo. Akaenda kwa wazee wa familia akasema gari ya ndugu yake inafia mikononi mwa mwanamke, afadhali aichukue yeye, na watoto atawalisha. Mzee Wario, ambaye ni baba mdogo wa marehemu na ndiye neno lake linasikika kwa familia, alisema watakaa waamue baada ya Idi. Akaongeza kwamba gari ikilala njiani tena na maziwa ya watu, yeye hatakuwa na la kumtetea. Mama Jillo aliniambia hayo akiwa amesimama hapo hapo ulipokaa. Alisema kulishwa na shemeji si kula, ni kungoja.

Mtu anayependa kujua sababu anaweza pia kuwa na mawazo machafu. Mimi niliwaza Galgalo. Pikapu ilikuwa inalala ua moja na lori lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, huyu anaziharibu nati usiku ili apate gari. Nikamshauri Mama Jillo aegeshe kwangu. Akaegesha. Safari mbili, nati zikalika vile vile. Nikabaki nimeshika nati mkononi kama mjinga, nikikumbuka mzee M'Ikiara. Huyu amepitia nini?

Nikaigeuza kwa jua. Kona zote sita zilikuwa zimelika kwa kufunga na kwa kufungua. Alama zilikuwa karibu na kona, kama masizi yangu yale. Kwa hivyo ilikuwa soketi ya pembe kumi na mbili, tena kubwa kidogo kuliko nati. Kwa bapa moja kulikuwa na mkwaruzo wa kitu chembamba. Nikakwangua na ukucha, kakatoka kachembe ka bati, la rangi ya kijani, kama la mkebe wa mafuta ya kupikia. Nyinyi mnajua huo ujanja? Soketi ikiwa kubwa, mtu anachomeka kipande cha bati kati yake na nati ili ishike. Inashika kweli, na inakula kona kweli. Basi mtu fulani alikuwa anafanya hivyo mchana, barabarani. Nikamwambia Mama Jillo, kesho tunaenda pamoja.

Tulipita Gotu salama, tukabeba maziwa, na tukirudi gurudumu la nyuma likaachia upepo. Nilishuka nikakaa pembeni kimya, nikamwambia fanya vile unafanyaga siku zote, usinijali. Akatoa jeki, akatoa soketi yake, akaivisha kwa nati ya kwanza. Hata hajaegemea, pikapu ya wabeba mchanga ikasimama. Vijana wawili wakaruka chini, salaam aleikum, salaam aleikum, mama kaa kivulini, wakamtoa spana mkononi kwa heshima kabisa, wakaiweka chini, wakaleta yao. Yao ilikuwa imezeeka, inacheza. Wakahangaika, wakafungua nati mbili. Likaja lori la bidhaa, dereva naye akasimama, akasema nyinyi vijana hamjui, akaleta yake, nayo ikateleza. Mimi nikiwa nimekaa pale, natazama ile soketi nzuri ya pembe sita imelala kwa mchanga, hakuna anayeiangalia.

Mnaijua barabara hiyo. Pale gari iliyosimama haipitwi. Ukimpita mtu leo, kesho ni wewe na jua ni lile lile. Na mtu hasaidii kwa maneno, anasaidia kwa mkono wake na chuma chake, maana kumwomba mwenye shida vifaa vyake kunaonekana kama umekuja mikono mitupu. Akiwa mama ndiyo kabisa, hakuna mwanaume atakayemwacha ashike spana. Kwa Mama Jillo lilikuwa jambo la kawaida mno, hakuona haja ya kunitajia. Watu husema tenda wema uende zako. Hawa walitenda, wakaenda zao, na nati ikabaki na majeraha yake.

Wa mwisho kufika alikuwa Galgalo. Alishuka na mbuzi wakilia nyuma yake, akamsalimia shemeji yake vizuri, akauliza watoto. Spana ya magurudumu ya lori ni kubwa mno, kwa hivyo alienda chini ya kiti chake akatoa soketi ya mkono, namba ishirini na mbili, pembe kumi na mbili. Akararua kipande cha bati kutoka mkebe wa kijani, akachomeka, akavisha paipu ndefu. Nati zilizobaki zikatii. Akabadilisha gurudumu mwenyewe, jasho likimtoka mpaka shingoni, halafu akakaza kila nati na ile paipu, kwa nguvu za mtu aliyezoea lori. Akapangusa mikono. Akasema, "Sasa hizi hazitafunguka mpaka ufike nyumbani."

Wallahi alisema ukweli. Ndiyo sababu Mama Jillo hakuwa akiweza kuzifungua kwenye pancha inayofuata. Akishindwa, mtu anasimama kumsaidia. Akisaidiwa, zinakazwa tena. Galgalo ndiye alikuwa akimkuta mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa vile barabara ni moja, na hakuna hata siku moja alimpita. Niliona aibu kwa yale niliyowaza juu yake. Na pia nilikasirika, maana adui ungemfukuza, lakini mtu kama huyu utamfanya nini?

Tulipofika mjini nikamwambia Mama Jillo amweleze Galgalo waziwazi kwamba yeye ndiye anaharibu. Alinitazama kama mtu ameambiwa atembee uchi sokoni. Huyo ni mkubwa wa mume wangu, akasema, na amesimama kwa jua ili anisaidie, nimwambie mkono wake ni mbaya? Na nikikataa mkono mmoja barabara ile, habari itafika Merti kabla yangu. Siku inayofuata nani atasimama? Nikamjibu kwamba basi gari itaenda kwa Galgalo. Akasema anajua. Ni yeye aliyepata jawabu, si mimi. Akauliza, kwa nini kila mtu analeta yake? Ni kwa sababu yangu inaonekana ndogo. Mtu akiona kimkono kifupi na soketi moja, anahurumia. Tengeneza kitu ambacho mwanaume akikiona atataka kukishika.

Ee bwana, hilo wazo lilinipendeza kuliko masizi. Nilichukua soketi nyeusi, ndefu, pembe sita, namba ishirini na moja, nusu inchi. Nikatafuta mkono wa chuma mnene, mrefu kiasi cha mkono wa mtu kutoka bega mpaka vidole, nikauunga pale ili soketi isitoke wala kupotea. Kwa kushikia nikazungusha raba ya tairi. Spana ikatoka nzito, imekaa kama silaha. Nikamwambia asiiweke chini ya kiti. Aifunge nyuma, iangaliane na barabara. Na mtu akisimama, asimwachie nafasi ya kwenda kwa gari lake. Amwendee akiwa ameishika kwa mikono miwili, amwombe msaada, amkabidhi.

Alifanya hivyo. Wenye pikapu wakaipokea, madereva wa malori wakaipokea, na kila mmoja aliuliza imetengenezwa wapi. Hakuna aliyekumbuka chuma chake. Halafu, Idi ikiwa karibu, akapata pancha na Galgalo akamkuta. Mama Jillo aliniambia mwenyewe jioni hiyo vile ilivyokuwa. Alimkabidhi, Galgalo akaivisha kwa nati ya kwanza, akasukuma akijiandaa kwa nguvu zote, nati ikafunguka mpaka karibu aanguke. Akafungua zote bila paipu. Akaenda kwa lori, akatoa ile yake ya ishirini na mbili, akaivisha kwa nati iliyokuwa chini, akaitikisa kwa vidole. Ikacheza. Akaitikisa tena. Akafunga gurudumu, akauliza watoto, akaondoka bila neno lingine.

Mama Jillo aliogopa. Mimi pia niliogopa. Mtu akigundua kosa lake peke yake, hujui atalitupa wapi. Anaweza kulirudisha kwako.

Baada ya Idi waliniita kama fundi wa gari hiyo. Walikaa uani kwa Mzee Wario baada ya swala ya alasiri, wazee watano hivi juu ya mkeka, Galgalo pembeni, Mama Jillo mbele ya mlango. Nikasema salaam aleikum, wakanijibu, wakanipa kiti kwa sababu wanajua magoti yangu. Nilikuwa na nati mbili mfukoni, moja iliyolika na moja nzima, na kipande cha bati la kijani nimekifunga kwa karatasi. Nilikuwa nimejipanga kusema yote. Nikamtazama Mama Jillo, naye akatikisa kichwa kidogo sana. Hakutaka. Moyo uliniuma, maana nilijua ananiomba ninyamaze huku akijua itamgharimu nini. Lakini gari ilikuwa yake na shemeji alikuwa wake.

Mzee Wario akaniuliza kama gari ni nzima. Nikasema ni nzima, injini, gia, kila kitu, na yeye anaitunza kuliko wanaume wengi. Akasema basi kwa nini inalala njiani. Nikasema nati zilikuwa zinalika, na sasa hazilikagi. Akauliza, nani alikuwa anazila?

Nikaangalia chini. Wazee wakangoja, nami nikangoja, na mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika ile nati iliyolika.

Galgalo akasema, "Ni mimi, baba."

Wakamgeukia. Alikuwa hatazami mtu. Akaeleza polepole, kwamba kila aliposimama kumsaidia, soketi yake ilikuwa kubwa na hakujua, na paipu yake ilikuwa inakaza kuliko mama anavyoweza kufungua. "Nilikuwa namvunja," akasema, "halafu nakuja kwenu kusema amevunjika."

Mama Jillo alishika mtandio akafunika uso. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia, na sasa alilia mbele ya wote. Mzee Wario akamuuliza Galgalo kama gari bado anaitaka. Akasema hapana, gari ni ya watoto wa ndugu yake na mama yao. Yeye ana ombi moja tu.

"Nikimkuta barabarani," akasema, "asinikataze kusimama."

Wazee wakamtazama Mama Jillo. Alijipangusa macho.

"Simama, shemeji," akasema. "Lakini spana ni yangu."